Dalia za Bibi na Shada la Plastiki

Nimerudi Mbeya jana na hasira zangu zote, kwa hiyo kaa hapa unisikilize. Nilikwenda kijijini kwetu Iringa, tulikuwa tunaweka msalaba kwenye kaburi la bibi yangu. Sala ilipokwisha, kikundi cha wakulima wa maua kikaitwa mbele. Akina mama wakaja na sare zao za kitenge, wanaimba, mwenyekiti kabeba shada la plastiki. Plastiki jamani, na nailoni yake haijatolewa! Yaani kwa bibi, aliyekianzisha kikundi hicho kwa jembe lake mwenyewe!

Wewe hukumjua. Viazi vya kwanza vya dalia, maua yale makubwa yanayooteshwa kwa viazi vyake, alipewa misheni alikokuwa anafua nguo, akavifunga kwenye pindo la khanga, akatembea navyo mpaka nyumbani. Ukitaka kuingia kikundini hukuulizwa lolote, ulikuja na kopo tupu tu. Unaondoka na kiazi kimoja au kipande cha waridi, na mwaka unaofuata sharti umpe mwingine. Hivyo hivyo, kopo kwa kopo, mpaka kila ua wa nyumba kijijini ukawa na rangi.

Kazi ilikuwa yetu sisi wajukuu. Samadi tulibeba kichwani, maji tulichota mtoni, na majivu ya jikoni ole wako uyamwage ovyo. Ikifika Juni, baridi ya sakitu ikianza kuunguza majani, tulifunika dalia kwa magunia kabla jua halijazama. Magunia yakiisha, bibi alichukua blanketi letu. Ndiyo, letu! Tulijibanza jikoni, viazi mviringo vinaiva kwenye majivu, moshi unatutoa machozi, nami nanung'unika kwamba anapenda maua kuliko sisi.

"Wewe unaweza kusogea motoni," alinijibu. "Ua lenyewe litasogea wapi?"

Na msiba ukitokea, kila mwanakikundi alikata ua bora kuliko yote kwake, asubuhi, likiwa bado na umande. Mwaka mmoja bibi alikuwa na dalia moja nyeupe, kubwa kama sahani, ameingoja msimu mzima. Akafariki jirani ambaye walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mbuzi. Bibi akaenda na kisu, akaikata ile ile. Nililia mimi! Akaniambia, "Ua la kwako ukilikata lazima likuume kidogo. Hiyo ndiyo pole. Usipoumia, umepeleka majani tu."

Sasa unaelewa kwa nini nilimfuata mwenyekiti mbele za watu. Shikamoo yenyewe niliitoa meno yameumana.

"Marahaba, mwanangu. Umeona lilivyopendeza? Hili halinyauki, hata mwakani utalikuta."

"Mama mwenyekiti, bustani ya bibi mmeifanya nini?"

"Tumejenga banda la kuku wa kikundi. Maua yanataka mtu wa kushinda nayo, mwanangu, na vijana wote mmeondoka."

Nikamwambia hamna haya, mnakula jina la marehemu, mnavaa sare ya kazi msiyoifanya. Nilisema mengi, mengine siyarudii hapa. Mama wa watu akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akaniuliza taratibu, wala hakuwa na ubaya:

"Na wewe umemletea ua gani kutoka kwako?"

Nilikuwa nimeshika pochi na simu. Kwangu hapa Mbeya uwanja mzima nimeutandazia matofali, gari lisiingie na tope. Mwenyewe nilisimamia mafundi wakati wanang'oa waridi la mwenye nyumba wa zamani, nikawahimiza wafanye haraka.

Niliondoka bila kuaga, na hasira bado ninayo, ila sasa sijui niielekeze kwa nani. Lile shada liko kaburini mpaka sasa, jekundu vilevile, na hakuna hata mmoja wetu aliyeumia kulipeleka.