Kikombe Kilichogeuka Bluu

Siku nilipomnyang'anya muganga wa dispensere chupa ya maji ya machungwa, sikuwa na wazimu. Na yanayofuata si ndoto. Niliyaona mchana, jua la saa nane.

Binti yangu Aziza alikuwa ametema jino la pili pamoja na damu. Majuma matatu muganga alinikataza kumpa matunda mabichi, yasiyochemshwa: "Yataleta kuhara, mama. Mupe maji haya yetu ya machungwa, tunayachemsha mara mbili." Siku ile nilipobisha akacheka, akaniita raia kwa Kifaransa: "Sitwayeni, wewe njo daktari sasa?" Hapo nikaishika chupa, nikarudi nayo nyumbani, mtaa wa Alunguli.

Sekondari nilisoma kemia. Nilichanganya maji ya chungwa bichi na maji ya unga wa muhogo, nikatonesha iodi ya vidonda. Vitamini C, ile ambayo ikikosekana fizi hutoka damu na meno hung'oka, inaimeza iodi. Ikiisha, tone linalofuata linageuza yote bluu. Chungwa bichi lilimeza matone kumi na tisa. Nilipomimina yale ya chupa kikombeni, mwanamke mwenye kovu kidevuni akapiga hodi, mgongoni amefunga kitenge cha kubebea mutoto. Sikumjua. Akaketi, akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Hesabu, mama. Na mimi nisikie."

Tone moja. Bluu.

"Haya njo walimupa mutoto wangu," akasema. "Alikunywa yote."

Akainuka kutoka. Niaminini: fundo la kitenge lilikuwa limekaza kifuani, lakini mgongoni hamukuwa na mutoto.

Nilipomsimulia jirani yangu Mama Zaina, akapaza sauti: "Kovu kidevuni? Yule mama wa mtaa wa Mikelenge! Tulimuzika wakati wa mvua, juma moja baada ya kumuzika mutoto wake."

Aziza nilimpa machungwa mabichi, damu ikakatika. Lakini kile kikombe nimekisugua kwa majivu mara ngapi? Nikitia maji ya muhogo matupu, bila iodi, yanageuka bluu. Mama wenzangu, mukiambiwa kitu kimechemshwa sana, ulizeni moto umekula nini.

Kisha nikapeleka barua, pamoja na kikombe hicho, kwa daktari mkuu wa zone yetu ya afya:

"Sitwayeni Daktari, ninaishitaki dispensere yetu. Inachemsha vitamini mpaka inakufa, na matunda inayakataza. Ninaomba kazi hiyo isimame leo, na kifo cha mutoto wa Mikelenge kichunguzwe. Shahidi wa kwanza ni mimi. Wa pili tulimuzika. Kikombe alichokishika kiko mbele yako. Tia maji ya muhogo."