Siku ya Kuanika Picha za Misheni

Masika yakishapita, sisi Wakatoliki wa Mji Mkongwe tulikuwa na siku yetu ya kuanika. Tulitoa kutoka chumba cha nyuma ya kanisa madaftari ya ubatizo, vitabu vya nyimbo na albamu za misheni ya zamani, tukavitandaza uani juu ya mikeka, kivulini, upepo uvipitie. Mikeka tuliazima kwa jirani yetu, Bi mmoja wa Kiarabu, na hakukosa neno.

"Wenzenu wanaanika karafuu," alisema, "nyie mnaanika wafu."

"Wafu wetu hawashuki bei, Bi," mama yangu akamjibu.

Wakacheka, wakakaa mkeka mmoja. Bi yule alipenda zile picha kuliko sisi wenyewe. Televisheni yake ilishakufa, kaigeuza meza ya kuwekea maua. Lakini hayo mengine.

Mimi shule niliachia darasa la tatu, nikatolewa nikapike, kwa hiyo madaftari sikuyagusa sana. Zangu zilikuwa picha. Moja ilikuwa ya bibi yangu, aliyemzaa mama. Aliletwa mtoto kutoka bara enzi za utumwa, akakombolewa, akalelewa misheni. Kwao hakukujua hata yeye. Kaburini aliwekewa msalaba wa mti, mchwa wakaula. Ikabaki ile picha: wasichana wamekaa safu wanashona, yeye wa mwisho, kichwa kakiinamisha upande kama anayesikia anaitwa.

Kila mwaka mama aliinama akasema, "Shikamoo, mama." Na desturi yetu pale uani, aliye karibu huijibia picha: "Marahaba." Picha haiachwi bila jibu. Padri mmoja mgeni alitucheka. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyejibu.

Basi, katikati ya miaka ya themanini ukuta wa kile chumba ukaanza kupukutika chokaa. Tukasema tukitengeneze, vitu vyetu vidumu. Saruji ilikuwa adimu wakati ule. Ilipopatikana tulifurahi kama tumepata arusi. Fundi akapiga lipu, ukuta ukawa laini kama sahani, akina mama tukapiga vigelegele. Hatukujua. Nyumba hizi za mawe na chokaa zinapumua. Ukiziziba kwa saruji, maji hubaki ndani yakatafuta pa kutokea. Yalitokea nyuma ya kabati tulimoweka albamu.

Na mwaka ule hatukuanika. Chumba kipya, tuanike nini?

Tulipokuja kufungua, baada ya masika mengine, albamu zilikuwa zimeshikana kama halua. Tukazibandua ukurasa kwa ukurasa. Mama macho yake yalishaingia ukungu, amekaa mkekani anangoja.

"Nipe mama yangu," akasema.

Nikamwekea ukurasa mapajani. Ulikuwa doa la rangi ya kutu, na pembeni mkono mmoja wenye sindano, mkono wa msichana mwengine. Mama akapitisha kidole pale alipozoea.

"Mbona leo ananata?"

"Unyevu, mama."

Akainama. "Shikamoo, mama."

Zamu ya kujibu ilikuwa yangu. Mimi niliyekuwa karibu nikawa nalitazama lile doa. Aliyejibu ni Bi wa mikeka, kutoka kule mlangoni:

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo," mama akasema, kidole bado kiko palepale. "Ila wewe umechakaa."

Hakuomba tena kupewa ile picha mpaka tulipomzika. Kuanika tulirudia, na lipu tukaibandua, lakini yaliyokwenda yalikwenda.

Miaka ya elfu mbili wakaja watu na kompyuta na mashine ya kunakili, ili picha zilizosalia zionekane na kila mtu, hata wa mbali. Nikaitwa nitambue watu. Dada mmoja wao, aliyekuwa akifungua albamu, akafika kwenye ule ukurasa.

"Bibi, huu tuuruke. Hauna kitu."

Nikamwambia aupige picha hivyo hivyo. Akaniuliza chini aandike nini. Nikamtajia bibi yangu, mahali alipokaa, na kichwa alivyokiinamisha. Akaandika yote. Sura sikuwa nayo ya kumpa; ilishanitoka, mama ndiye aliyeijua.

Mwanga wa mashine ukapita juu ya lile doa, na mimi kwa mazoea nikasema, "Shikamoo." Yule dada alikuwa akitazama kompyuta yake. Bi wa mikeka naye keshazikwa. Nikangoja kidogo, kisha nikamwambia afungue ukurasa mwengine.