Meli Niliyoanza Kuiunda Kinyume

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sichoki kuisimulia, na anayechoka kuisikiliza basi aende zake jikoni. Ni siku ile baba yangu, Fundi Saide, alipoingia nyumbani na sanduku la karatasi ngumu kwapani, akalibwaga juu ya mkeka, akacheka mpaka akakohoa. Ndani mlikuwa na meli. Yaani mlikuwa na vijiti, vibao vyembamba kama ukindu, uzi, vitambaa vya tanga, chupa ya gundi na karatasi kubwa ya michoro. Mreno mmoja aliyetengenezewa mashua yake ndiye aliyempa zawadi. Huko kwao, baba alituambia, watu wazima na ndevu zao hukaa mezani wakaunganisha vitu hivyo mpaka vikawa meli ya kupamba kabati.

Tulikuwa tukikaa Mocímboa da Praia, na baba alikuwa akiunda mashua pale karibu na bandari. Kaka zangu walikuwa wameshika biashara ya nguo na sukari kutoka Mtwara, hakuna aliyetaka kunuka sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka vyombo. Macho ya baba yalikuwa yameanza kufifia. Zana zake, tezo na keekee na misumeno, alikuwa amekwisha kumwahidi fundi mmoja wa Mucojo, na huyo fundi alikuwa hata amekuja kuujaribu mpini wa tezo mkononi mwake. Niliona wivu, mwanangu, nisikufiche. Mimi ndiye niliyekulia kwenye vumbi la mbao lile. Tangu mdogo nilikuwa nikikalafati, nikishindilia pamba katikati ya mbao ili maji yasipenye. Lakini nilipozitaka zile zana, baba alinijibu, "Mwanamke atashikaje tezo, Zuhura? Wataka watu wanicheke?"

Basi siku ile ya sanduku nikajikaza. "Baba, nikiiunda meli hii, utanipa zana zako?"

Mama akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Baba alinitazama, nami nikaona kuwa kicheko kimemtoka.

"Ya kabatini siitaki," alisema. "Kwetu sie chombo ambacho hakijashushwa majini ni kuni tu. Utaishusha mbele za watu. Ikisimama wima, zana zako. Ikilala ubavu, zaenda Mucojo, wala nisisikie tena maneno haya."

Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Kaka yangu Momade, aliyesoma Kireno, aliikunjua ile karatasi ya michoro. "Hapa kwenye desenho wanaanza na cavernas," aliniambia, "ndo mataruma haya, mbavu za chombo. Mbao baadaye." Nikamkata kauli. Wewe muuza sukari, nikamwambia, unanifundisha mimi kuunda chombo? Maana baba yangu, na babu yangu kabla yake, hulaza mkuku kwanza, ule mti wa chini kabisa, kisha hupandisha mbao kwa jicho na mkono, na chombo kikishapata umbo ndipo huchonga mataruma ya kuingia ndani yake. Kuanza na mataruma niliona ni sawa na kushona kanzu kwa kuanzia mfukoni. Karatasi nikaitia chini ya mkeka.

Ee mwanangu, nilikiona cha mtema kuni! Mbao za baba ni nene, zinajishika zenyewe. Zile za sandukuni hazikuwa na nguvu hata ya kukataa upepo, zilihitaji mbavu za kuegemea. Kila nilipobandika upande mmoja, wa pili ulijikunja. Mwishowe omo ya mbele ilitazama kwake na tezi ya nyuma ikatazama kwake, na katikati palikuwa na kibyongo.

Baba alikuja akaigeuzageuza. Nilingoja acheke, maana hapo ningeweza kumnunia. Hakucheka.

"Nani kakuonesha hivi?"

"Wewe, baba."

"Mimi nimekuonesha kuunda mashua ya mbao nene. Mbao hizi hata mie sijapata kuzishika. Aliyezikata kakuchorea namna yake mpaka mwisho, nawe umemlalia juu ya karatasi yake. Sasa utakuwaje fundi, ikiwa hutaki kufundishwa ila na baba yako?"

Akaiweka chini taratibu, akaenda kutawadha. Maneno yale yaliniuma kuliko kofi. Nililia, na nililia kwa sauti, maana nilijua zile zana nimezipoteza kwa mkono wangu mwenyewe. Mama aliniacha nilie kidogo, kisha akasema, "Ukimaliza, teleka maji. Gundi yako ile iliyoganda kwenye sahani yangu, nimeimwagia maji moto ikaachia yenyewe."

Sijawahi kupenda sahani kama nilivyoipenda ile. Nikaitia meli yote kwenye karai la maji moto, nikaibandua ubao kwa ubao, nikaanika vipande ukumbini kama dagaa. Nikamwomba Momade radhi. Naye, Mungu amlipe, hakunisimanga sana, siku mbili tatu tu. Akawa anasoma, nami nafanya. Tukasimamisha mataruma kwanza. Mbao nikizilowesha zikalainika, nikizilaza juu ya mbavu na kuzibana kwa vibanio vya nguo mpaka zikauke. Zilizokatika nilichonga nyingine kwenye mabaki ya kiwandani kwa baba, nikazikwangua kwa kipande cha chupa mpaka zikawa nyembamba kama zile nyingine. Safari hii meli ilinyooka. Nilikuwa nikiamka alfajiri kuitazama tu.

Nikaijaribu ndani ya karai. Ikalala ubavu pale pale.

Nikaikimbilia michoro, na hapo michoro ikaninyamazia. Picha ya mwisho ilikuwa ni meli juu ya kigogo chake, kabatini. Aliyeichora hakupata kuwaza kama kuna watu watakaoitia majini. Nilikaa nimeshika tama, kisha nikaanza kucheka. Wao wamenifikisha walikoweza, na kutoka hapo ni kazi ya kwetu! Nikafungua sitaha, nikalaza chini kabisa vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu, nikavibana kwa lami. Ndiyo farumi yenyewe, ule uzito tunaoweka ndani ya chombo ili kisipinduke. Nikashindilia uzi wa pamba kila penye mwanya, nikaipaka sifa. Ilinuka hata mama akaihamishia uani.

Siku ya kuishusha maji yalikuwa yamejaa vizuri. Baba alialika watu kama anashusha jahazi zima. Halua ilikatwa, Fatiha ikasomwa. Fundi wa Mucojo naye alikuja na gunia lake tupu la kubebea zana, akaliweka mbele ya miguu yake. Wanawake wa mtaani walipiga vigelegele, na wengine nilijua ni vya kejeli. Nikaingia majini na kanga yangu, nikaiachia.

Ililala. Wallahi ililala, tanga likagusa maji. Halafu ikainuka polepole, ikasimama wima, ikashika upepo na kwenda! Nikaikimbiza majini nikipiga kelele kama mwendawazimu, na vigelegele vya safari hii havikuwa na kejeli ndani yake. Baba aliingia majini na kanzu yake ya Ijumaa.

"Mwaiona?" aliwaambia watu. "Kaiunda mwanangu. Fundi mwenzangu, niwie radhi kwa safari yako. Zana zimepata mwenyewe."

Yule fundi wa Mucojo alilikunja gunia lake huku akicheka. "Na mie leo ningeona haya kuzichukua," alisema. Baba akanitia tezo mkononi, mbele ya wote waliokuwa wakisema mwanamke atalishikaje. Nililishika hivi, mwanangu, kwa mikono miwili.

Mashua nilizounda kwa tezo lile zimevua mpaka kisiwa cha Rongui, na waliocheka ndio waliokuja kupanga zamu. Basi sikia. Siku utakayoanza kazi usiyoijua, mwache aliyeitengeneza akuoneshe njia yake, hata kama ni mgeni, hata kama kwenu ni mafundi wa kutajika. Ukikosea, bandua uanze tena, wala usione haya, kwani mbao hazina kinyongo. Na somo lake likifika mwisho usikae ukashika tama. Hapo toa ulichofunzwa nyumbani, ndipo mahali pake.

Nenda, mwanangu. Mola aibariki mikono yako, akupe walimu wa karibu na wa mbali, na kila utakachokiunda kisimame wima mbele za watu. Amina.