Kanga za Maulid

Mwanahija alipoambiwa kuna kamati, akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye harusi. Kwani kamati ni nini kingine? Watu wanakaa, wanachanga, wanachagua sare, siku ikifika bwana harusi anapendeza na kila mtu anarudi kwake ameshiba. Basi Yasir, kijana wa Temeke mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo pale Sanyuanli, mjini Guangzhou, China, alipomwambia, "Mama Shifa, tumeunda Kamati ya Marafiki wa Maulid, mwanao anagombea udiwani," hakuuliza la pili. Maulid ni mtoto wa kaka yake. Amembeba mgongoni. Akajitolea sare.

Akaenda mwenyewe kwa laoban, bosi wa kiwanda anayemchapia kanga miaka yote. Akachagua rangi ya damu ya mzee, pindo la korosho, na jina: SHANGAZI KESHAKUCHAGUA. Katikati, sura ya Maulid. Hiyo sura ilimkera kidogo, maana kanga yenye sura ya mtu huiswalii, lakini akasema si kitu, watajifunga jikoni.

Marobota yakaja, yakapakiwa mbele ya ofisi ya Yasir kwenye kontena la kwenda bandarini Nansha. Kontena lenyewe la kuchanganya, vyombo vya huyu, viatu vya yule, ila mwenye mzigo karatasini ni Mwanahija. Kwa furaha akatoa simu ampigie Maulid. Yasir akamdaka mkono.

"Usimwambie!"

"Kwa nini?"

"Mgombea hatakiwi kujua. Marekani ndivyo wafanyavyo, mama. Kamati inampigia mtu debe itakavyo, mradi isishauriane naye."

"Yasir mwanangu, sisi tuko Guangzhou, uchaguzi uko Temeke. Hiyo sheria ya Marekani imepitia wapi?"

Dullah mpakiaji akacheka mpaka akaegemea kontena. "Harusi gani hii, bwana harusi hajui kama anaoa!"

Fathiya, binti wa Unguja anayesomea sheria hapo mjini, alikuwa kaleta boksi la mama yake lipakiwe. Akasema kwa upole, "Mama, kwetu ipo sheria ya gharama za uchaguzi. Mgombea anatakiwa aeleze kapewa nini na nani. Kanga zikishuka na sura yake, naye hakuzieleza, wapinzani watamshika hapo hapo. Udiwani unaweza kumponyoka."

"Na akizieleza?"

"Wataulizana shangazi wa China ananunua kura za nini."

"Kura! Kanga ya shangazi ndiyo hongo?"

Mwanahija akaona kichwa kinamzunguka. Alfajiri alikuwa anatoa zawadi, sasa ni adhuhuri na zawadi imegeuka shtaka. Akatandika mswala nyuma ya ofisi, akaswali, akamwomba Mola amwonyeshe njia. Alipokunja mswala njia hakuiona. Akapiga simu.

"Shangazi," Maulid akasema baada ya kusikia yote, "kamati hiyo mimi siijui."

"Ya marafiki zako, baba."

"Ndiyo hiyo. Siijui." Kisha, kwa sauti ya chini, "Rangi gani?"

"Damu ya mzee."

"Ah! Nzuri hiyo. Lakini siijui."

Mwanahija akashusha pumzi. "Maulid, umeshauliza rangi. Wakiniuliza kama ulijua, mimi nitasema nini? Uongo siuwezi, na wewe wajua siuwezi."

"Shangazi, jamani..."

"Wataniuliza, nitawaambia, utakosa udiwani kwa mdomo wangu. Basi."

Akakata simu, akamwambia Dullah ateremshe marobota ya kanga. Yasir akalalamika, akaapa, akasema kamati imeaibishwa na mjumbe wake. Kontena likafungwa, likaondoka na vyombo na viatu vya watu.

Mwanahija akakaa juu ya robota, juu ya nyuso zote zile za mwanawe. "Fathiya, mwanangu, nimemwokoa au nimemwangusha?"

Fathiya akaketi kando yake.

Simu ikalia. Ujumbe wa Maulid: Haya shangazi, nimekuelewa. Ila ukija niletee japo shati moja la kanga hiyo.

Mwanahija akausoma, akausoma tena, akamwonyesha Fathiya.

"Na shati nalo?"

Fathiya akajikuna chini ya mtandio. "Hilo, mama, ngoja kwanza nikamuulize mwalimu."