Kuni za Arobaini ya Zena

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, ipo moja ninayoikumbuka kuliko nyingine, na si kwa sababu ilikuwa njema. Ilikuwa asubuhi ya vuli, enzi za Mwingereza, huko kwetu Kisarawe. Mke wangu Zena alikuwa amejifungua binti yetu wa kwanza muda mfupi baada ya jua kuchomoza, siku kadhaa mapema kuliko tulivyotarajia. Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba, chini ya upenu, natazama mahali palipotakiwa kuwa na rundo la kuni. Palikuwa na vijiti vya kuchemshia chai mara mbili.

Nyinyi mnaopika kwa gesi huko Sofu na Kwa Mathias huenda hamjui kuni za arobaini, basi nivumilie nieleze. Mwanamke akijifungua alikaa ndani siku arobaini. Asubuhi na jioni alikandwa kwa maji ya moto, akanywa uji wa pilipili manga, na jiko halikuzimwa. Kuni za moto huo zilikuwa juu ya mume. Alianza kuzikusanya mimba ikiwa na miezi saba, mzigo mmoja mmoja, matawi makavu yaliyojiangukia yenyewe porini, akayapanga chini ya upenu yasinyeshewe. Kila aliyepita alimpima mwanamume kwa rundo lile. Aliyekuwa na rundo fupi alisemwa kisimani mpaka mwenyewe akabadili njia.

Miezi yangu mimi niliimaliza kwa rafiki yangu Salumu. Salumu alikuwa amepata gramafoni, na kila alasiri tulikaa barazani kwake tukisikiliza santuri zilezile nne, huku nikijiambia kesho nitakwenda kuokota. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu lilianza kuuma asubuhi ile.

Mama yake Zena alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo bibi yake, Bi Tatu, ndiye aliyehamia kwetu kumzalisha na kumuuguza. Alikuwa mkunga tangu zama za Mjerumani, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na kwa kuwa mimi nilikuwa mume wa mjukuu wake, utani wetu haukuwa na mpaka.

"Shikamoo, Bibi," nilimwambia alipotoka ndani.

"Marahaba, mume wangu. Umepata binti, ana sura yako, Mungu amsaidie. Kuni ziko wapi?"

"Zipo, Bibi."

"Zipo wapi? Mimi nimechungulia nikaona vijiti vya kuchokolea meno."

Nikaona aibu. Bi Tatu akanionea huruma, akashusha sauti. "Nenda kaokote mzigo wa leo. Kesho utaokota wa kesho. Kawia ufike, mume wangu. Hakuna atakayekufunga."

Laiti ningemsikiliza! Lakini nilikuwa kijana, na kijana akishaona aibu hutafuta njia ya mkato ya kuiondoa. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, kila tawi lililokuwa chini lilikuwa limelowa, na kuni mbichi nyumbani kwa mtoto mchanga ni moshi na macho mekundu. Msitu wa Serikali ulikuwa na walinzi wake, na kukata mti uliosimama humo ilikuwa kesi. Ila mwisho wa shamba langu palikuwa na mkongo mkongwe, mti ambao marehemu baba yangu aliukuta mzee. Upande mmoja ulikuwa umekufa, gome limebanduka, matawi yamebaki mifupa. Upande wa pili ulikuwa bado unatoa majani machache kwa shida. Nikajisemea: huu hauna kivuli, hauna faida, umekauka ukiwa wima, mvua haijauingia. Nikiuangusha leo, kesho rundo langu litakuwa refu kuliko la mwanamume yeyote kijijini.

Sasa sikiliza hapa, kwa maana hapa ndipo kosa lilipo. Kila asubuhi, kwa wiki nyingi, nilimwona hondohondo dume akija kwenye mkongo ule. Unamjua hondohondo, yule ndege mweusi na mweupe mwenye mdomo mkubwa kama jembe, anayelia kama mtoto mchanga. Alikuja na tunda mdomoni, akaning'inia kwenye shina, kisha akaondoka bila tunda. Nilikuwa naijua habari yao, sote tuliijua tangu utotoni: jike huingia ndani ya tundu la mti mkubwa, mlango ukazibwa kwa udongo, ukaachwa ufa mwembamba tu, naye hukaa humo akitaga na kulea, mumewe akimletea chakula. Niliijua habari, na ndege nilimwona. Lakini sikuwahi kujiuliza anampelekea nani lile tunda.

Nikamwita Salumu na shoka lake. Tulidhani itatuchukua siku mbili, kwa kuwa mkongo ni mti mgumu, kumbe ndani ulikuwa wazi. Kabla ya adhuhuri ulianza kulia. Dume alikuwa akizunguka juu yetu, akipiga kelele zile za kitoto, na Salumu akacheka, akaniambia, "Mwanao huyo anakuita." Nami nikacheka. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

Mti ulipoanguka ulipasuka. Popo wakatoka kwa wingi, wakiwa wamepofuliwa na jua. Nyuki wadogo, wale wasiouma, wakatuzonga machoni. Komba mmoja aliruka juu ya bega la Salumu akapotelea kwenye mihogo. Kijiji kizima cha viumbe kilikuwa mle, kwenye mti nilioita hauna faida. Na kwenye kipande cha juu, nyuma ya ukuta wa udongo uliokauka, palikuwa na jike. Bawa lake moja lilikuwa limevunjika. Chini yake makinda mawili, hata manyoya hayajaota, yalikuwa yamekwisha kufa.

Salumu hakucheka tena. Aliokota shoka lake akasema ana kazi nyumbani. Mimi niliyafukia makinda, nikamtia jike ndani ya tenga la kuku, nikaendelea kupasua kuni. Ndiyo, mwanangu, niliendelea. Haya ilikuwa imeshanigeuza moyo jiwe.

Alasiri rundo lilifika kiunoni. Bi Tatu alitoka na sufuria, akapiga vigelegele. "Kumbe ninaye mume!" Kisha akainama kuchukua kuni, akaona udongo umegandamana kwenye gogo moja. Akaupitisha kidole. Akaona na tenga. Aliniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja.

"Mrisho. Huyu alikuwa humu?"

"Alikuwa humu, Bibi."

"Na wanawe?"

Nikainamisha kichwa. Bi Tatu akairudisha kuni ile pale pale, polepole, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mimi nimezalisha wanawake wa kijiji hiki chote," alisema. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sitamkanda mjukuu wangu kwa maji yaliyochemshwa na nyumba ya mzazi mwenziwe. Huyu naye alikuwa ndani, Mrisho. Naye alikuwa analetewa chakula na mumewe. Tofauti yake na Zena ni kwamba mumewe hakuwa mvivu."

Nilijaribu kujitetea. Nikamwambia mti wenyewe ulikuwa umekufa.

"Umekufa kwako wewe. Mti mzima una wenyewe wengi, wanaotaka tunda, wanaotaka mbao, wanaotaka kivuli. Mti ukizeeka, ukaoza moyo, ukatoboka, hapo ndipo unakuwa nyumba. Kigogota hutoboa, nyuki akaingia, komba akalala, hondohondo akazaa. Utapanda mti kesho, nikuone. Tundu utalipanda vipi?"

Akaniamuru nizirudishe kuni zote pale mti ulipoangukia, hata kibanzi kisibaki, ziozee hapo. Alisema gogo lililolala nalo lina watu wake, mijusi na wadudu na uyoga, angalau hao wapate. Nilibeba mpaka jua linazama, majirani wananitazama mwanamume ninayetoa kuni nyumbani kwa mzazi. Aibu niliyokuwa naikimbia niliipata yote siku ile, na nyongeza juu yake.

Tangu kesho yake nilikwenda mbali, kwenye miteremko ya kuelekea Pugu, nikaokota matawi nikiyabeba kichwani na kuyaanika juu ya dari. Sikukosa hata siku moja. Yule jike nilimlisha matunda kwa mkono wangu, akawa hayataki. Siku ya tatu nilimkuta amekufa. Bi Tatu alinisaidia kumfukia.

Lakini dume hakujua. Aliendelea kuja kila asubuhi na tunda mdomoni. Alitua kwenye mkorosho wa jirani, akatazama mahali ambapo mkongo ulikuwa, hewani palipokuwa hapana kitu, akalia. Na kilio chake, nimekwisha kukwambia, ni cha mtoto mchanga. Kila alipolia, binti yangu Mwanaidi aliamka ndani, naye akalia.

Zena aliniuliza nikiwa nje ya pazia. "Baba Mwanaidi, yule ndege ana nini siku hizi?"

Nikamjibu, "Mvua tu inamsumbua."

Akauliza tena siku ya pili, na ya tano. Nikamjibu hivyohivyo, mvua. Bi Tatu alisikia, akanitazama, akaniacha na mzigo wangu. Baadaye dume akaacha kuja, na Zena akaacha kuuliza, nami mjinga nikadhani yamekwisha.

Siku ya arobaini mtoto alitolewa nje. Uji ulipikwa, watu wakaja, Zena akatoka amevaa kanga mpya, amenukia udi. Alisimama mlangoni akifumba macho kwa mwanga. Alipoyafumbua, yalikwenda moja kwa moja mwisho wa shamba. Mkongo haukuwepo. Alipatazama pale kwa muda. Kisha alimpa Bi Tatu mtoto, akanisogelea, akasema taratibu ili wageni wasisikie:

"Alikuwa anamwita mkewe siku zote zile, na wewe ukaniambia mvua?"

Hakusema lingine, wala hakunigombeza, siku ile wala baadaye. Tuliishi pamoja miaka mingi mpaka Mungu alipomchukua, na sikupata kumjibu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amezeeka pamoja nami.

Nilipanda mkongo mwingine mahali palepale kabla ya vuli kwisha. Ukaota vizuri. Tulipohamia huku Visiga ulikuwa umenipita kimo, na leo wanangu wakienda Kisarawe huniambia ni mti mnene, una kivuli kizuri, una maganda mengi ya mbegu. Huwauliza swali moja tu: una tundu? Hunicheka, wananiambia hauna hata la kupitisha kidole. Mimi nina mvi kila mahali na mti wangu bado ni mtoto. Hondohondo hawajazaa shambani kwetu tangu mwaka ule.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukinunua kiwanja, usiutie shoka mti mkongwe kwa sababu tu umekauka. Kama unaelekea kuiangukia nyumba, punguza matawi, liache shina. Kama umeanguka mbali na njia, uache ulale. Kabla ya yote, kaa chini asubuhi mbili tatu, utazame nani anaingia na nani anatoka. Ukihitaji kuni, okota zilizoanguka, kidogo kidogo, tena anza mapema. Na ukikosea, maana utakosea, umwambie mwenzako siku ileile, kwa mdomo wako mwenyewe, angali anakuuliza.

Mungu akujaalie uzazi wa salama nyumbani mwako. Akupe macho ya kuwaona majirani zako wote, wenye miguu na wenye mabawa, na wao pia wazae salama, na kila anayerudi kwake na chakula mdomoni amkute aliyemwacha. Amina.