Wajapani wa Mama

Wiki iliyopita nilikwenda mtaa wa Shaw kumpeleka binti yangu kwa daktari wa meno, na kwa kuwa tulifika mapema nikamwambia njoo nikuonyeshe mahali. Ungekuwepo, rafiki yangu, ungenicheka. Nilizunguka mtaa mzima nikitafuta jengo la matofali mekundu lenye ngazi za chuma, kumbe liko pale pale nilipoliacha, ila limepakwa rangi nyeusi. Chini wanauza mvinyo, juu wanapangisha vyumba kwa bei ambayo mimi na mume wangu hatuthubutu hata kuitamka. "Mom, it's just a bar," mtoto akaniambia. Nikamjibu kwamba bibi yake aliwahi kuwa mwalimu hapo juu. Akanitazama kama anayedanganywa, maana bibi yake anamjua kama mtu wa jikoni.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu tulikaa Bladensburg, ghorofa ya pili, juu ya mama mmoja wa Kikongo aliyekaanga samaki kila Ijumaa hadi nguo zetu zikanuka. Baba aliegesha magari ya watu katikati ya jiji. Mama alibeba boksi, kama tunavyoziita kazi za sulubu sisi tuliokuja huku, ila boksi lake lilikuwa na mikono na miguu: aliwaogesha wazee wa watu, akawageuza kitandani, akawalisha uji kwa kijiko. Na huyu ndiye aliyekuja Marekani kusoma fasihi, akaisoma, akavaa joho, baba akampiga picha. Baada ya picha hakuna aliyempa darasa. Wenye shule walipoisikia lafudhi yake kwenye simu walisema watampigia.

Halafu kiangazi kimoja simu ikalia kweli. Kulikuwa na kituo cha lugha pale Shaw kilichopokea wasichana wa vyuo vikuu vya Japani, wanaokuja likizo kunoa Kiingereza chao. Mwaka ule walikuwa wasome hadithi za kale za watoto wa Kiingereza, zile za wanyama wanaozungumza, na watoto wanaopotea bustanini wakatokea nchi isiyokuwamo kwenye ramani. Mwalimu wao akaugua ghafla. Mtu fulani akakumbuka kwamba yuko Mtanzania aliyeandika tasnifu yake juu ya hadithi hizo hizo. Basi hebu fikiria: mwanamke wa Songea anawafundisha Wajapani hadithi za Waingereza katika mji mkuu wa Wamarekani! Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alikwenda akanunua blauzi mpya.

Nilikuwa na miaka tisa, na hapakuwa na wa kuniachia, kwa hiyo nilikwenda naye kila siku. Tulipanda basi, kisha treni ya chini ya ardhi, tukatokea juu kwenye jua la Julai na harufu ya kahawa ya Wahabeshi ikikaangwa mahali fulani. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, chini ya kiyoyozi kilichonguruma kama lori bovu, na penseli zangu za rangi. Mama aliyesimama mbele hakuwa mama niliyemjua. Yule wa nyumbani alikuwa mchovu na alinuna. Huyu wa darasani alikuwa na sauti. Alisoma kwa sauti ya sungura, kwa sauti ya malkia mkorofi, kwa sauti ya mzee aliyepoteza njia, na mimi nilisahau penseli.

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso, nisikufiche. Aliuliza swali, wasichana wakatazama meza. Akauliza jingine, wakatazama meza zaidi. Walikuwa wametulia kama maji mtungini. Alirudi nyumbani amenyong'onyea, akamwambia baba labda hawamwelewi anavyotamka. Asubuhi moja, sijui nini kilimwingia, akafunga kitabu katikati ya sura, akawafundisha kuitikia kama alivyoitikia yeye kwa bibi yake. "Paukwa!" "Pakawa!" Kisha akamnyooshea kidole mmojawao, aendeleze hadithi kwa kichwa chake mwenyewe. Msichana wa miwani, ambaye hata kusalimia alisalimia kwa kunong'ona, akasimama akaendeleza. Yule mzee aliyepotea alikuta mto, akauuliza mto njia, mto ukamwambia umechoka kuulizwa. Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo "Pakawa!" yao ilisikika hadi barabarani.

Siku nyingine mmoja alimwuliza, Sensei, bustani za Uingereza zikoje? Sensei ndiyo mwalimu kwao, na jina hilo mama alilipenda mno, alilitamka nyumbani bila sababu. Akawaambia ukweli kwamba Uingereza hajawahi kufika. Bustani aliyokuwa akiwasimulia ilikuwa ya masista waliomsomesha Songea, yenye ua wa michongoma na waridi lililokataa kuchanua. "Msione haya," akawaambia. "Nchi hizi za hadithini hakuna aliyewahi kufika. Wote tunaziona kwa mbali." Waliandika maneno hayo wote, vichwa chini, na mimi nikayaandika kwa penseli nyekundu.

Kilichomteka mama zaidi ni adabu yao. Alipoingia walisimama. Alipotoka waliinama. Na somo likiisha, bila kuambiwa na mtu, walikunja mikono ya mashati wakasafisha darasa: huyu anafagia, huyu anafuta ubao, wengine wamepiga magoti wanasukuma matambara sakafuni. Kwao ndivyo walivyolelewa shuleni, tangu wadogo. Na mama naye kwa masista alifagia, akamwagilia, akapiga deki, kwa hiyo hakuona ajabu yoyote. Siku ya kwanza alishika ufagio awasaidie, wakamnyang'anya kwa heshima zote, wakamkalisha kitini. Akakaa. Sidhani kama alikuwa ameketishwa na mtu yeyote tangu atue Marekani.

Hapo ndipo chakula kilipotoka. Mama alileta vitumbua vilivyofungwa kwenye karatasi ya jikoni, wao walileta wali wa kubonyezwa pembe tatu, uliovikwa kitu cheusi nilichodhani ni karatasi ya kaboni, kumbe ni mwani. Walileta pia vitamutamu vya maharage. "Maharage na sukari, jamani!" mama alishangaa, akala, akaomba kingine. Jumapili moja aliwaalika nyumbani wakala pilau chini, kwenye mkeka, na mama wa Kikongo akapanda na samaki wake. Sikumbuki siku nyingine nyumba yetu ilipokuwa na kelele nzuri namna ile.

Sasa nikueleze ilivyoharibika. Ilikuwa alasiri, zimebaki sura chache kitabu kiishe. Mama ameketi, miguu ameinua ili msichana wa miwani apitishe tambara, mkononi ana kitumbua, na anawatania, "Na pale kona, pale, naona vumbi linanicheka!" Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa mkuu wa kituo na mama mmoja wa Kizungu, mfadhili, aliyekuja kutembezwa. Nadhani unaona walichokiona. Wageni waliolipia masomo wako magotini, na Mwafrika ameketi anakula.

"Nani kawaambia mfanye hivi?" mkuu akawauliza wasichana.

Wakasimama wote, wakainama. "Tunaomba radhi," wakasema pamoja.

"Hamna kosa ninyi. Nauliza, ni yeye aliyewaamuru?"

Msichana wa miwani akainama zaidi, akaomba radhi tena, akiwa karibu kulia. Leo naelewa. Mwalimu wao alikuwa anakemewa kwa ajili yao, na kwao mwenye adabu hapo hajitetei wala habishi, anabeba lawama. Mkuu yeye aliona wasichana waliotishwa. Akamgeukia mama. Mama naye alikuwa amekwisha kusimama, mikono nyuma, macho chini, kama mbele ya sista mkuu, kwa sababu naye alilelewa kutojibizana na mkubwa mbele ya mgeni. Alisema kwa sauti ndogo, "Wanasafisha tu."

"Sijui kwenu mnafundishaje," mkuu akamwambia taratibu, kwa upole ambao hadi leo sijausamehe, "lakini hapa wanafunzi ni wateja." Ijumaa hiyo hiyo akamwambia asirudi. Chumba kizima kilikuwa na watu wenye adabu, ndugu yangu, na adabu ndiyo iliyommaliza.

Nyumbani baba alifura. "Ungemwambia! Hawa watu usipo-explain hawaelewi kitu!"

"Ni-explain nini?" mama akamjibu. "Kwamba watoto wa watu wana adabu?"

Jumapili iliyofuata walikuja. Walikuwa watatu, msichana wa miwani mbele, na kisanduku kilichofungwa kwa kitambaa. Nilikimbilia mlango, mama akanidaka mkono. "Usifungue. Wakionekana hapa watasema nawaita kuja kunifanyia kazi." Wakabisha, wakangoja, wakabisha tena. Nilichungulia kwenye tundu la mlango nikawaona wanauinamia mlango wetu uliofungwa, wote kwa pamoja, muda mrefu. Kisha wakaweka kisanduku chini wakashuka. Mama alikuwa ameegemea ukuta wa korido, amejiziba mdomo kwa kanga.

Baadaye mama wa Kikongo alipanda na kile kisanduku. "Mama, bale batoto balikuya kukuona, juu ya nini unajificha? Balikuwa banalia kwa ngazi." Mama akamwambia alikuwa amelala. Jumatatu akavaa viatu vyake vya raba akarudi kwa wazee wake.

Sijamsikia akisoma kwa sauti tena. Nilimwomba, amini. Mwanzoni alisema amechoka, baadaye akasema macho, mwishowe nikakua nikaacha kuomba. Wale wasichana sasa ni wanawake wa makamo mahali fulani Japani, na huenda mmoja wao bado anaumia akidhani ni yeye aliyemfukuzisha mwalimu. Kituo kilifungwa. Mama wa Kikongo alihama. Ile sauti ya malkia mkorofi, ile ya mzee aliyepotea, hakuna aliyeirekodi, na nikijitahidi kuikumbuka nasikia kiyoyozi tu. Watu huniambia mambo haya yamepita. Mimi naona yamekaa.

Baba alipofariki tulimchukua mama akaja kukaa nasi Germantown. Haruhusu mtu aoshe hata kikombe. Anaamka kabla yetu, anafagia, anadeki, na mgongo wake umepinda. Jumapili hii baada ya chakula binti yangu alichukua kitambaa, kwa hiari yake, akaanza kufuta meza. Mama akainuka kwa kasi ambayo sikujua bado anayo, akamnyang'anya.

"Acha, mama, acha. Watu watasema nakutumikisha."

Tulikuwa watatu tu ndani, na mapazia yamefungwa.

"I just wanted to help, Bibi," mtoto akasema.

"Watu gani, mama?" nikamuuliza. Alifuta meza yote, akafuta na viti, na alipofika kwangu akaniomba niinue mikono ili apitishe kitambaa. Nikainua.