Mke Namtumbo, Rafiki kwenye Fomu

Kabla sijaomba viza nilijiona mtu anayejua kujaza fomu. Nafundisha shule ya msingi huku Matogoro, na kila Januari wazazi huniletea fomu za kuandikisha watoto niwasaidie, nami huwagombeza wakiacha mstari wazi. Siku ile nilikaa kwenye steshenari moja ya mjini, mbele ya kompyuta ya watu, nikashindwa na mstari mmoja tu.

Fomu ilitaka nichague aina ya viza. Kulikuwa na ya utalii, ya biashara, ya kumtembelea mwenzi wa ndoa, na ya kumtembelea ndugu au rafiki. Mume wangu alikuwa mwaka wa tatu Ulaya, akisoma, na mimi niliomba mwezi mmoja tu wa likizo nikakae naye. Nikabonyeza ya mwenzi. Ikafunguka orodha ya viambatanisho, na cha kwanza kilikuwa cheti cha ndoa.

"Mwalimu, tuskani cheti," akasema kaka mwenye steshenari.

"Sina."

"Umekisahau nyumbani?"

"Sina kabisa."

Akacheka. "Kwa hiyo huyu shemeji unayetutangazia kila siku ni wa nani?"

Siku nyingine ningemrudishia maneno, maana mimi si mtu wa kutaniwa nikanyamaza. Siku ile nilitoka nje.

Mahari yangu ilipokelewa Mjimwema, kwa baba mkubwa, mchana kweupe. Mkaja wa mama ulitolewa, blanketi la bibi likatolewa, na jembe pia, ambalo mshenga alilibeba begani kutoka Namtumbo huku abiria wenzake wakimuuliza shamba liko wapi. Kwa watu wote ninaowafahamu, siku ile niliolewa. Lakini kanisani tulikuwa bado. Tulisubiri kwanza mguu wa baba mkwe upone, kisha tukasubiri tumbaku iuzwe, kisha tukazoea kusubiri. Jumapili wenzetu wakienda kupokea komunyo, sisi tulibaki kwenye benchi tukiangalia viatu vyetu.

Mume wangu alipopata nafasi ya masomo, fomu yake ilimuuliza kama ameoa. Mtu mwingine angejijibu mwenyewe. Yeye, kwa moyo mweupe kabisa, akaenda kumuuliza katekista. Katekista akafungua daftari la parokia, akatafuta jina, akamwambia, "Wewe hujaoa." Akarudi akaandika hivyo hivyo, asinitajie hata kidogo, kwa sababu hakuona kama kuna la kutaja. Wakatoliki wa huku tukisema mtu ameoa, mara nyingi tunamaanisha altareni. Nilipompigia simu nikiwa nje ya steshenari ndipo nilipoyajua yote haya.

"Chagua rafiki," akaniambia.

"Rafiki wa nani?"

"Nisikilize, mke wangu. Ukiandika mke, watafungua faili langu wakute niliandika sijaoa. Wataniona mwongo. Wanaweza kunirudisha kabla sijamaliza."

"Basi nikaiandikishe ile ndoa ya kimila. Kwa mkuu wa wilaya wanatoa cheti."

"Na kitasema tulioana lini?"

Cheti cha kweli kingetaja mwaka wa mahari, kabla hajapanda ndege. Mimi ningekuwa mke mwenye karatasi, na yeye angekuwa amedanganya serikali ya watu. Nilimkasirikia kwa uaminifu wake wa kijinga, nikamkasirikia na katekista, kisha nikarudi ndani nikachagua rafiki. Nilitaka kumwona mume wangu. Miaka mitatu ni mingi, na mtoto hatukuwa tumepata, jambo ambalo wakwe zangu hawakulisema kamwe lakini nililisikia kila walipoulizia afya yangu.

Barua yake ya mwaliko ilikuja kwa Kiingereza. Aliandika kwamba anamwalika rafiki yake wa muda mrefu, atamlaza na kumlisha, na mwezi ukiisha atarudi kwao. Niliisoma mara moja, nikaikunja.

Huku kwetu mke haendi safari ndefu bila kuaga ukweni. Nilikwenda Namtumbo na sukari na kanga, nikapiga magoti, "Shikamoo baba, shikamoo mama," wakaitikia marahaba. Mshenga naye alikuwa ameitwa, ameketi wima kama siku ile ya jembe. Tulipomaliza kula akajikohoza.

"Mkamwana, tusomee hiyo barua. Tunataka kusikia kwamba mwenzio ndiye anayekuita, usije ukaonekana umejipeleka."

Hakuna aliyejua Kiingereza pale. Niliikunjua, nikaishika mbele ya macho yangu na kusoma kwa Kiswahili, bila kukwama hata mahali pamoja: "Namwalika mke wangu mpendwa." Baba mkwe aliitikia kwa kichwa. Mama mkwe akaingia jikoni akatoka na mfuko wa dagaa wa Nyasa, aliokwisha kuwachambua mmoja mmoja. "Mpelekee mumeo," akasema. "Mwambie nimetoa mchanga wote."

Njia nzima ya kwenda Dar es Salaam, mfuko ukiwa mapajani, nilijifunza kusema sijaolewa. Nililisema kimoyomoyo hadi likaacha kuuma, na hilo ndilo lililonitisha.

Ubalozini niliitwa dirishani. Nyuma ya kioo alikaa dada Mtanzania, mpole, anauliza huku anaandika.

"Huyu mwenyeji wako ni nani kwako?"

"Rafiki."

"Umeolewa?"

"Hapana."

Lilitoka laini. Nilijisikia vibaya mno, lakini nikasimama wima.

"Ni nini kitakachokurudisha Tanzania mwezi ukiisha?"

Swali hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa na barua ya mwajiri na picha za kiwanja changu. Nikajibu kwa haraka, kwa kuwa hapo mwishowe niliruhusiwa kusema kweli: "Nina kazi ya kudumu, nina kiwanja, na nina wakwe zangu, ni wazee, mimi ndiye ninayewaangalia."

Kalamu ya yule dada ilisimama. "Wakwe?"

Nikaanza kumsogezea picha za kiwanja.

"Umesema hujaolewa, mwalimu."

Pasipoti ilirudi baada ya siku kadhaa na karatasi moja: uhusiano wangu na mwenyeji haukueleweka.

Simu za mume wangu sikuzipokea. Nilitangulia Namtumbo, kwa sababu mfuko wa dagaa ulikuwa wa watu. Mama mkwe alikuwa anapepeta mahindi uani. Aliuona mfuko kabla hajauona uso wangu.

"Wamekunyima?"

"Wamekataa, mama."

"Kosa lako nini?"

"Niliwaambia nina wakwe."

Akaweka ungo chini. "Kwani huna?"

Nilikaa kwenye mkeka kando yake. Nikaitoa ile barua mkobani, nikamwambia kwamba siku ile niliisoma vibaya kwa makusudi. Nikamsomea upya, neno kwa neno, na nilipofika kwenye rafiki nililisema rafiki. Nikamweleza na habari ya daftari la parokia.

"Hilo neno aliambiwa na katekista?"

"La kwamba hajaoa, ndiyo. La rafiki ameliandika mwenyewe, mama. Na mimi nikalijaza."

Akafuta vumbi la mahindi mikononi kwa upindo wa kanga, polepole, kidole baada ya kidole.

"Mpigie. Usiseme kitu wewe. Nipe mimi."

Nilipiga, nikaweka spika, nikamkabidhi simu. Aliishika mbele ya mdomo kwa mikono miwili, tayari kwa alichotaka kusema. Ililia mara mbili tu. Kisha sauti ya mwanawe ikaujaza ua wote, ya mtu aliyesubiri siku nyingi:

"Mke wangu! Wamekupa?"